Nani Analipa? Merlin, wafalme wake na sisi wa mwaloni

Haya niliyazungumza Ilemela, Mwanza, mbele ya viongozi wa vikundi vya wavuvi na akina mama wachakataji wa dagaa, watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu wa visiwani ambao hawakupata usafiri.

Mwadila!

Haya, mmeitikia vizuri. Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa kwenye chanja, matajiri wenye mitumbwi, na ninyi vijana ambao viganja vyenu vimechanwa na kamba, nawashukuru. Mmeniita siku za mbalamwezi na mmefanya la maana, kwa sababu ingekuwa giza mngekuwa ziwani mnavua dagaa, nami ningehutubia viti.

Niliombwa nizungumzie ushauri wenye busara. Najua katibu alitegemea mwalimu mstaafu aje na mfuko wa methali. Nimekuja na mzungu. Tena mzungu mwenyewe mganga! Msicheke sana, mtamhitaji kabla hatujamaliza.

Anaitwa Merlin. Wale ambao watoto wao wanaangalia katuni watakuwa wamemwona: mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia imechongoka. Wasomi wengi wanasema asili yake ni Myrddin, mtabiri wa Wales ambaye vita vilimvuruga akili akaenda kuishi porini. Yapata mwaka 1136, mtu mmoja wa kanisa aitwaye Geoffrey wa Monmouth aliandika habari zake kwa Kilatini, na huyo ndiye Merlin tunayemjua leo. Hakuna aliyethibitisha kwamba aliwahi kuishi. Hilo lisiwasumbue. Sungura wetu naye hakuwahi kuonekana akipanda jukwaani, na bado tunamsikiliza.

Sisi nasi tunaye Ng'wanamalundi, mtu wa miujiza. Kuna mtoto wa Kisukuma humu ambaye hajasikia kwamba akinyosha kidole mti unakauka? Hayupo. Tunapenda sana kusimulia kilichokauka. Na huko Ulaya ni hivyo hivyo, wanapenda miujiza ya Merlin. Lakini ukizisoma zile hadithi kwa utulivu unakuta kazi yake kubwa ilikuwa kukaa karibu na mfalme na kumwambia jambo asilotaka kulisikia.

Sasa nisikilizeni. Kulikuwa na mfalme anaitwa Vortigern. Adui zake walikuwa wanamkaribia, akaamua kujenga mnara milimani Wales, mahali pagumu kufikika. Mafundi wakaanza kazi. Wanachojenga mchana, asubuhi wakiamka ardhi imekimeza. Wakajenga tena. Kikamezwa tena. Mfalme akawaita waganga wake. Wakakaa, wakashauriana, wakarudi na jibu: atafutwe mtoto asiye na baba, achinjwe, damu yake inyunyizwe kwenye mawe na udongo wa kujengea. Hapo mnara utasimama.

Mtoto wa nani? Wa mfalme? Hapana. Wa mganga? Hapana. Mtoto asiye na baba, yaani mtoto ambaye hakuna mwanamume atakayesimama mlangoni kumtetea.

Wajumbe wakatembea hadi wakafika mji wa Carmarthen. Wakakuta wavulana wawili wanagombana, mmoja anamtukana mwenzake: wewe nawe ni nani, baba yako hajulikani! Wajumbe wakasikia. Yule aliyetukanwa ndiye Merlin. Wakambeba yeye na mama yake mpaka kwa mfalme.

Mtoto yule alipoambiwa kwa nini ameletwa, hakulia. Alisema: mfalme, waite hao waganga wako. Walipokuja akawauliza swali moja tu. Mnamwambia mfalme damu yangu itashikilia ukuta. Haya, niambieni, chini ya msingi huu kuna nini?

Kimya.

Wataalamu wazima, wanaokula kwa mfalme, hakuna aliyejua. Mtoto akasema: mfalme, toa watu wachimbe, mtakuta maji. Wakachimba, wakakuta bwawa. Akasema: yakausheni, chini kuna mawe mawili yenye uwazi ndani, na ndani yake wamelala majoka wawili. Wakayatoa maji. Majoka yakaamka, moja jekundu na jingine jeupe, yakaanza kupigana hapo hapo. Lile jekundu liko kwenye bendera ya Wales mpaka leo.

Ndugu zangu, washauri walikuwa wa aina mbili pale. Wote walisema wanajua tatizo. Ukitaka kuwatofautisha, uliza swali nitakalorudia leo mpaka mnichoke: nani analipa? Ushauri wa wale waganga ulilipwa na mtoto wa mwanamke mnyonge. Ushauri wa Merlin ulilipwa na mfalme mwenyewe, kwa majembe yake, jasho la watu wake, na aibu ya kugundua kwamba alikuwa anajenga juu ya maji.

Nani analipa?

Mnadhani nawasimulia habari za Wales? Tuambiane ukweli, maana tumo wenyewe. Kanda yetu hii ya Ziwa, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, dunia nzima ilitusikia. Watu wenye ualbino waliuawa, wengine wakakatwa viungo wakiwa hai, kwa sababu kuna mtu alikaa kwenye kigoda akamwambia mwenzake: ukitaka dhahabu, ukitaka sangara, lete kiungo. Watoto wakahamishwa makwao, wakaenda kuishi bwenini katika shule kama Mitindo kule Misungwi, kwa sababu nyumbani hapakuwa salama. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Na vikongwe wetu wangapi wameitwa wachawi wakauawa kwa sababu macho yao ni mekundu? Mama zangu, ninyi mnajua macho yale yanafanywa mekundu na nini. Miaka hamsini ya kupulizia moto wa kuni na samadi kwenye jiko lisilo na dirisha.

Hakuna hata mmoja kati ya waliokwenda kwa waganga hao aliyeambiwa achimbe.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani, simtaji, ana mtumbwi wa dagaa. Giza moja akaona wenzake wanarudi na ndoo zimejaa, yeye anarudi na za kuhesabu. Giza la pili vile vile. Akaenda mahali. Akaambiwa anayemfunga ni mama yake mkubwa, yule dada wa mama yake aliyemlea. Akarudi mwaloni hali chakula, hasemi na mtu. Pale mwaloni kuna mzee wa Ukara anashona nyavu, mzee wa maneno machache. Akamwambia: "Baba, kabla hujaenda kwa mama yako, nitandazie hiyo nyavu mchangani." Ikatandazwa. Yule mzee akatembea juu yake peku, ameinama, anapitisha vidole fundo kwa fundo, mpaka akafika kwenye kitako. Pale ilikuwa imechanika na ikazibwa na kipande cha nyavu nyingine, tundu kubwa, kidole gumba kinapita. Dagaa walikuwa wanaingia juu wanatokea chini. Mzee akachomoa sindano yake akaanza kushona, hakusema lingine.

Yule mama mkubwa yupo Sengerema, anauza karanga. Hajui mpaka leo kwamba jina lake lilitajwa.

Sasa, msije mkatoka hapa mkasema mwalimu amemfanya Merlin malaika. Hapana. Na hapa ndipo hadithi inaponiuma.

Miaka inapita, Merlin anakuwa mshauri wa mfalme mwingine, Arthur, maarufu kuliko wote. Simulizi zake zilikusanywa kwa Kiingereza na Thomas Malory, zikapigwa chapa Westminster, jirani na London, mwaka 1485. Humo tunasoma kwamba Arthur alizaa mtoto na dada yake wa mama mmoja bila kumjua kuwa ni dada yake. Merlin akamwambia: atakayekuangamiza wewe na ufalme wako ni mtoto anayezaliwa siku ya kwanza ya Mei. Arthur akatoa amri. Watoto wote wa mabwana na mabibi waliozaliwa siku hiyo waletwe, kwa adhabu ya kifo. Wakaletwa. Wengine hata mwezi hawajafikisha. Wakapakiwa chomboni, chombo kikasukumwa baharini bila wa kukiongoza. Kikapelekwa na maji hadi penye ngome, kikapasuka. Nyie ni watu wa maji, sihitaji kuwaeleza.

Na yule aliyekuwa anatafutwa, Mordred, akatupwa ufukweni mzima. Mtu mwema akamwokota, akamlea mpaka akafika miaka 14. Baadaye ndiye huyo huyo aliyemjeruhi Arthur jeraha la kufa.

Mnaliona jambo hili? Yule mtoto ambaye damu yake nusura inyunyizwe msingini alikua, akapata cheo, akakaa karibu na kiti, na neno lake likawapeleka watoto wa wenzake majini! Malory anasema wengi walimlaumu Merlin kuliko walivyomlaumu mfalme. Mimi nawaelewa. Mtabiri alitabiri kweli kabisa, hakukosea hata tarehe. Lakini kujua kitakachotokea si sawa na kushauri vema. Nani alilipa? Akina mama ambao hawakuwa hata na habari kwamba kuna kikao.

Kwa hiyo mshauri naye anahitaji wa kumkatiza. Arthur alikuwa na Merlin mmoja tu. Watemi wetu wa Usukuma hawakuachiwa hivyo. Walikuwa na banang'oma, wazee waliomchagua mtemi na ambao wangeweza pia kumwondoa. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na sina hamu ya kuurudisha, ulikuwa na mabaya yake mengi. Lile la wazee kadhaa kukaa pamoja na kupingana mbele ya mtemi, hilo tungeweza kulibakiza. Leo kwenye vikundi vyetu nakuta mwenyekiti ana rafiki mmoja, rafiki ana simu moja, na kikao kinafuata kilichosemwa kwenye simu.

Merlin mwenyewe aliishia vibaya, nitalipitia haraka maana muda unakwenda. Alimpenda msichana aitwaye Nimue, akamfundisha kila alichokijua, naye binti, aliyekuwa amechoka kufuatwafuatwa na mzee, akamfungia chini ya jiwe kwa elimu ile ile. Alijua yatamkuta. Alimwambia hata mfalme. Akaenda.

Niwalete nyumbani, kwenye ziwa lenyewe. Geoffrey wa Monmouth nimeshamtaja. Kuna Geoffrey wa pili, huyu si wa hadithi. Geoffrey Fryer, mwanasayansi Mwingereza aliyechunguza samaki wa maziwa yetu. Mwaka 1960 aliandika kupinga mpango wa kuweka sangara katika Ziwa Viktoria. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ukileta mla wenzake mkubwa namna ile kwenye ziwa lenye furu, wale samaki wadogo, wa aina mamia, ambao hawapo kokote duniani, hujui utakachopoteza, na ukishamwachia humrudishi. Wakati anaandika, sangara walikuwa wameshaingizwa upande wa Uganda tangu miaka ya 1950. Baadaye wakaongezwa rasmi.

Mnajua yaliyofuata. Ilipofika miaka ya 1980 furu wakawa wa kutafutwa. Aina nyingi zimekwisha kabisa. Wazee waliopo hapa walikula furu utotoni mpaka wakachoka, leo mjukuu ukimwambia furu anakuuliza ndiyo nini.

Subirini, sijamaliza, naona tajiri mmoja pale nyuma ananikunjia uso. Mzee wangu, hata mimi najua. Sangara huyo huyo ndiye aliyejenga viwanda vya minofu hapa Mwanza. Amesomesha watoto, wengine niliwafundisha mimi, ada yao ilinuka mabondo ya sangara. Je, Fryer alikosea? Nimelifikiri hili miaka mingi. Naona hakukosea. Alichosema kingetokea, kimetokea. Ila waliofanya hesabu ya faida na waliofanya hesabu ya hasara hawakuwa watu wale wale. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mama aliyekuwa anauza furu kwa fungu akabaki anakaanga mapanki, ile mifupa inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Huyo hakuna aliyemuuliza. Nani alilipa? Hilo ndilo nataka mliulize kila mnapoletewa mradi mpya ziwani, uwe wa vizimba vya samaki, uwe wa nyavu, uwe wa mtu mwenye tai na kompyuta. Asikwambieni tu nani atapata. Mwambieni avue tai atuambie nani atalipa, na kama huyo wa kulipa amekaa humu ukumbini.

Hadithi ya mwisho, kisha nawaachia.

Siku moja Arthur alipewa upanga na Bibi wa Ziwa. Mkono ulitokeza majini katikati ya ziwa, umeushika upanga ulio ndani ya ala yake. Naomba mlione hilo, hata wao mambo yao makubwa yalitokea ziwani. Arthur akapanda mtumbwi, akapiga kasia, akauchukua. Njiani wakirudi anauangalia tu, anautoa, anaurudisha, ameupenda. Merlin akamuuliza: kipi unakipenda zaidi, upanga au ala? Arthur akajibu haraka: upanga. Merlin akamwambia: huna busara. Ala hii thamani yake ni panga kumi kama huo, kwa sababu ukiwa umeivaa, hata ukijeruhiwa namna gani hutatokwa damu. Itunze.

Hakuitunza. Alimpa dada yake mwingine, Morgan, amwekee. Morgan hakumtakia mema. Mwishowe akaitupa ala ile majini, ikazama. Upanga ukabaki. Arthur aliendelea kushinda vita na upanga wake mzuri, mpaka siku aliyotokwa damu ikawa hakuna cha kuizuia.

Vijana wangu, tajiri akinunua mashine mpya ya farasi 40, mwalo mzima unajua. Inapokelewa kwa vigelegele, inapigwa picha, inapewa jina. Nani kati yenu amewahi kuona watu wanaposti picha ya jaketi la kujiokolea?

Hapo mnacheka kidogo kidogo. Mnanielewa.

Septemba 20, 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka pale kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Tulizika watu zaidi ya 200, na chombo kilipinduka gati likionekana kwa macho. Na Igoma makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba yapo tangu Mei 1996, wengine humu mna mtu wenu pale. Siwataji kwa kuwatonesha. Nawataja kwa sababu kila baada ya msiba tunapata wataalamu wengi wa upanga, na wa ala hatuwasikii. Ushauri wa ala hauna utamu. Anayekwambia vaa jaketi, rudi upepo ukibadilika, usipakie mtu wa kumi na moja, huyo hakuahidi samaki hata mmoja. Na gharama yake unailipa wewe mwenyewe, kwa joto la jaketi kifuani, kwa nauli ya yule abiria uliyemwacha, kwa maneno ya wenzako kwamba unaogopa maji.

Juzi nilipita kwenye mwalo mmoja, siutaji kwa sababu wenyewe wako hapa na wananiangalia. Nikaomba kuona stoo. Kuna jaketi za rangi ya chungwa, nzuri kabisa, ziko ndani ya nailoni kama zilivyotoka dukani, karatasi ya bei bado inaning'inia. Nikauliza mbona hazijavaliwa. Kijana akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, hizo ni za siku ya ukaguzi, tajiri hataki zichakae."

Mwenyekiti, nina ombi moja, na naomba liingie kwenye muhtasari wa kikao. Mbalamwezi inaisha wiki hii. Kabla mtumbwi wa kwanza haujatoka kwenda kuvua gizani, stoo zote zifunguliwe, nailoni zichanwe, kila kijana apewe jaketi lake na jina lake liandikwe kwa kalamu ya wino mgongoni. Yakichakaa, tajiri anunue mengine. Akiuliza nani analipa, mwambieni mwalimu amesema ni yeye.

Afisa uvuvi yuko nyuma yangu na ana mambo ya leseni, nami nimeshamlia dakika zake. Wenye maswali tukutane nje penye chai. Mhola duhu, ahsanteni sana.